James Kirkman: Mtafiti aliyeligeuza gereza la Mombasa kuwa darasa la umma

KWA miaka 63, kuanzia 1895 hadi 1958, lango la Ngome ya Yesu katika kisiwa cha Mombasa lilikuwa lango la gereza. Walioingia waliingia kwa amri ya mahakama au kwa sababu ya kazi. Wakazi wa Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, waliziona kuta zake kila asubuhi walipokwenda sokoni na kila jioni waliporudi msikitini, lakini wengi wao hawakuwahi kuona kilichokuwa nyuma yake.

Hii leo lango hilo hilo hupitwa na wanafunzi wenye madaftari mikononi, wageni kutoka bara na ng'ambo, na wenyeji wanaotaka kujua habari za mji wao. Badiliko hilo halikuja lenyewe. Lilisimamiwa na mtu mmoja ambaye jina lake linafahamika sana miongoni mwa wasomi wa historia ya Pwani, ilhali si wengi wapitao langoni humo wanaolijua. Mtu huyo ni James Spedding Kirkman, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1989, mtaalamu wa akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha ya kale kwa kufukua na kusoma mabaki yake.

Ulimwengu wa sayansi una desturi ya kuwatuza watafiti wanaotoka maabarani na kuwaeleza watu wa kawaida walichokigundua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, limekuwa likitoa Tuzo ya Kalinga kwa ajili hiyo tangu mwaka 1952. Huko Uingereza, Royal Society imekuwa ikitoa Tuzo ya Michael Faraday tangu mwaka 1986. Tuzo hizo zimejengwa juu ya wazo moja: kwamba elimu iliyofungiwa vitabuni ni nusu ya elimu, na kwamba anayeifikisha kwa umma anastahili shukrani sawa na aliyeivumbua.

Tukilichukua wazo hilo na kulipima katika kisiwa chetu, maisha ya Kirkman ni mfano mwema wa kuanzia. Ni mfano mwema kwa yale aliyoyafanikisha, na vilevile kwa yale aliyoyaacha bila ya kukamilika.

Kirkman hakuanzia Mombasa. Mwaka 1948 aliteuliwa kuwa mhifadhi wa magofu ya Gedi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa kisiwa, karibu na Malindi na Watamu. Magofu hayo yalikuwa yamekwisha kutembelewa na John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, mwaka 1884, na serikali ya kikoloni ilikuwa imeyatangaza kuwa mnara wa kihistoria mwaka 1927. Hata hivyo, hadi Kirkman alipofika, sehemu kubwa ya mji huo wa ekari zipatazo 45 ilikuwa imemezwa na msitu. Mizizi ya mibuyu na mitamba ilikuwa imepenya katika kuta za mawe ya matumbawe, na hakuna aliyekuwa na hakika mji huo ulijengwa lini, na nani aliishi humo.

Wazee wa Kigiriama waliokuwa wakiishi jirani walikuwa na maelezo yao. Kwao Gedi palikuwa mahali penye roho za wahenga, mahali pa kuingiwa kwa adabu. Kirkman hakuyapuuza maneno hayo. Yeye mwenyewe aliwahi kuandika kwamba katika siku zake za mwanzo msituni humo alikuwa na hisia kwamba nyuma ya kuta palikuwa na kitu kinachomtazama. Si kila mtaalamu angekuwa tayari kukiri jambo kama hilo katika maandishi ya taaluma yake.

Kwa muda wa miaka kumi hivi alifukua Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, makaburi na nyumba za wakazi. Mbinu yake ilikuwa rahisi kueleza ingawa ngumu kutekeleza. Udongo wa mahali palipokaliwa na watu hujipanga kwa matabaka, la zamani chini na la karibuni juu. Ndani ya kila tabaka mna vigae vya vyombo vilivyovunjika na kutupwa. Vyombo vya kauri vya China na vyombo vilivyopakwa rangi vya nchi za Kiislamu vilikuwa na mitindo iliyobadilika kila zama, na zama hizo zilikwisha kujulikana na wataalamu. Kwa hiyo kigae kimoja cha bakuli la Kichina kiliweza kuueleza umri wa ukuta mzima wa Gedi. Kaburi moja lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni sawa na 1399, lilimpa nguzo nyingine ya kuegemea.

Kutokana na kazi hiyo ikabainika kwamba Gedi ulikuwa mji uliostawi hasa katika karne ya 15, wenye visima, vyoo, mifereji ya maji machafu na biashara iliyofika mbali, na kwamba ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Habari hizo aliziandika katika vitabu vya kitaalamu, kimoja mwaka 1954 kuhusu Msikiti Mkuu, na kingine mwaka 1963 kuhusu jumba la mtawala.

Lakini jambo linalomhusu msomaji wa makala haya ni lile alilolifanya kando ya vitabu. Badala ya kuziacha nyumba za Gedi na nambari za ramani, alizipa majina kutokana na kitu kilichopatikana ndani ya kila moja. Pana Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Birika na Nyumba ya Simbi. Mtoto anayeambiwa kwamba amesimama katika nyumba nambari kadhaa husahau kabla ya kufika nyumbani. Akiambiwa kwamba ndani ya chumba hiki palikutwa mkasi, huanza kujiuliza nani aliutumia, na alikuwa akikata nini. Hapo ndipo elimu huanza kuwa mali ya msikilizaji.

Gedi haikuwa peke yake. Alifanya kazi pia katika kisiwa kidogo cha Kilepwa kwenye hori la Mida, huko Takwa katika kisiwa cha Manda, Mnarani upande wa pili wa hori la Kilifi, na Ungwana karibu na mlango wa mto Tana. Kwa jumla, aliiacha Pwani ya Kenya ikiwa na kumbukumbu za kisayansi ambazo haikuwa nazo kabla yake.

Mwaka 1958 Ngome ya Yesu iliacha kuwa gereza, ikatangazwa kuwa mnara wa taifa. Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Ureno ulitoa pauni 30,000 kwa ajili ya kuikarabati na kuanzisha makumbusho, na Kirkman akahamia Mombasa kuisimamia kazi hiyo.

Ngome yenyewe ni kitabu chenye kurasa nyingi. Ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya msanifu wa Kiitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa na Wareno kwa jina la Dom Jeronimo Chingulia, aliwageuka na kuitwaa. Wareno walirudi, kisha kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 wakazingirwa na majeshi ya Oman kwa miezi 33, katika mzingiro ulioua watu kwa maradhi na njaa zaidi ya upanga. Humo ndani, pamoja na Wareno, walikuwamo Waswahili, akiwamo Bwana Daud wa Faza, aliyebaki upande wa Wareno wakati wengi wa watu wa Pwani walikuwa upande wa pili. Baadaye ngome ikawa makao ya magavana wa Kimazrui hadi mwaka 1837, ilipochukuliwa na Seyyid Said wa Zanzibar. Mwisho wake ikawa gereza la Waingereza.

Kazi ya Kirkman ilikuwa kuzifungua kurasa hizo bila ya kuzichana. Majengo ya gereza yaliondolewa, kifusi kikafukuliwa, na misingi ya kanisa na ya nyumba ya mkuu wa ngome ikaonekana tena. Katika kuta ikapatikana michoro iliyochorwa na mabaharia na askari wa Kireno wa karne ya 17, yenye meli na sura za watu, michoro ya watu waliokuwa mbali na kwao na wasiojua kama watarudi. Ilihifadhiwa, na imekuwa miongoni mwa vitu vinavyowashangaza sana wageni wa makumbusho hayo.

Makumbusho yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vyombo vya Gedi, vya Ungwana na vya ngome yenyewe viliwekwa ndani ya makabati ya vioo, hatua chache tu kutoka mitaa ya watu ambao mababu zao ndio waliokuwa wakivitumia. Hili si jambo dogo. Vitu vilivyofukuliwa katika makoloni vilizoea kupakiwa melini na kupelekwa katika miji mikuu ya Ulaya. Vya Pwani vikapata makao Mombasa.

Sasa tufike penye ugumu. Makumbusho hayo yalifunguliwa katika miaka ile ile ambayo Pwani ilikuwa ikitokota kwa suala la Mwambao. Ukanda wa maili kumi ulihesabiwa kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na baadhi ya wakazi wake walitaka ujitenge na Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru. Tume ya James Robertson ililichunguza suala hilo mwaka 1961, na likamalizwa kwa mapatano ya Oktoba 1963. Katika mazingira hayo, swali la nani aliyejenga miji ya kale halikuwa la wasomi peke yao. Aliyeambiwa kwamba miji hiyo ni ya Waarabu alisikia jambo moja kuhusu haki yake juu ya ardhi, na aliyeambiwa kwamba ni ya Waafrika alisikia jingine.

Kirkman, kama wataalamu wengi wa zama zake, alianza kwa kuuita Gedi mji wa Kiarabu. Neno hilo limo katika jina la kitabu chake cha mwaka 1954. Kufikia mwaka 1964, katika kitabu alichokiandika kwa ajili ya wasomaji wa kawaida kuhusu watu na majengo ya kale ya Pwani, msimamo wake ulikuwa umelegea kiasi. Alikubali kwamba utamaduni huo, hata kama ulipokea mengi kutoka nje, ulijijengea sura na tabia zake wenyewe katika ardhi ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, picha ya jumla iliyobaki vichwani mwa watu ilikuwa ile ya wageni waliokuja na ustaarabu wao merikebuni, na wenyeji waliousimamia ukutani.

Watafiti waliomfuata waliisahihisha picha hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton kuanzia mwaka 1980 ulionyesha kwamba chini ya misikiti ya mawe palikuwa na misikiti midogo ya miti na udongo, iliyoanza katika karne ya 8, ndani ya kijiji cha watu waliotumia vyungu vya kienyeji. Wakenya nao wakashika sururu na kalamu. George Abungu alifanya utafiti katika nchi ya chini ya mto Tana, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa mwaka 1999. Chapurukha Kusimba alichimba Mtwapa kwa miaka mingi. Mwaka 2023 Kusimba na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili. Ilionekana kwamba kwa upande wa kina mama wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, na kwa upande wa kina baba palikuwa na mchango mkubwa wa Uajemi ulioanza kuchanganyika yapata mwaka 1000, na baadaye wa Uarabuni. Wazee wa Mji wa Kale waliokuwa wakisimulia habari za Shirazi walikuwa na sehemu ya kweli, na waliosema kwamba Mswahili ni mtu wa hapa hapa walikuwa nayo pia.

Je, makosa ya Kirkman yanamwondolea sifa? La. Sayansi hujengwa na watu wanaokosea kwa namna inayoweza kusahihishwa. Kwa kuwa alipima, akachora, akahesabu vigae na kuchapisha kila alichokipata, waliokuja baadaye waliweza kurudi katika matabaka yale yale na kumpinga kwa ushahidi. Mtu anayezungumza na umma bila ya kuacha ushahidi wake wazi huacha nyuma yake hadithi tu.

Pana deni jingine ambalo ni zito zaidi. Vitabu vyake vikuu vyote, kikiwamo kile kikubwa cha mwaka 1974 kuhusu Ngome ya Yesu, viliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Oxford, London na The Hague. Fundi wa milango wa Mji wa Kale, nahodha wa jahazi aliyetia nanga bandari ya zamani, mama aliyeuza mahamri nje ya ngome, wote waliweza kuviona vitu kabatini, lakini maelezo yaliyovipa maana yalikaa katika lugha ya ofisi. Jambo hili lafaa kusemwa waziwazi, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimekwisha kubeba sheria, tiba, unajimu wa mabaharia na tenzi za historia kwa karne kadhaa, na kingaliweza kulibeba na hili.

Tena akiolojia si kazi ya mtu mmoja. Kila kigae kilichotiwa katika kitabu kilipita kwanza katika mikono ya vibarua waliofukua, wakachekecha na kubeba makarai ya udongo juani. Wao walijua kuutofautisha udongo wa sakafu na udongo wa kifusi kwa kuugusa tu. Majina yao hayamo kwenye majalada ya vitabu. Tunapomtaja Kirkman, haki yataka tuwakumbuke na hao.

Kirkman alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nafasi yake ikashikwa na Hamo Sassoon. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi walichunguza mabaki ya Santo Antonio de Tanna, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697 chini ya kuta za ngome wakati wa ule mzingiro, na vitu vilivyopatikana vikapokelewa katika makumbusho aliyoyaasisi Kirkman. Kama makumbusho hayo yasingalikuwapo, ni vigumu kusema vingaliishia wapi. Naye alifariki mwaka 1989.

Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Ngome ya Yesu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2024 ikauingiza mji wa Gedi. Heshima hizo mbili zimeangukia mahali pawili ambapo aliutumia umri wake, ingawa si zake peke yake. Pembeni ya Gedi, tangu mwaka 1993, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo na kujipatia riziki bila ya kukata miti. Huo ni ushahidi kwamba watu wa jirani hulilinda eneo la kitaalamu pale wanapokuwa na fungu ndani yake, na si pale wanapoonyeshwa ukuta na kuambiwa wasiuguse.

Katika nchi yetu mtafiti hupandishwa cheo kwa idadi ya makala aliyoyachapisha katika majarida ya ng'ambo. Saa alizotumia kuwaeleza wazee wa mtaa alichokigundua, au kuandika kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya shule za msingi, ni nadra kuhesabiwa. Matokeo yake ni kwamba elimu ya Pwani husafiri hadi Ulaya na Marekani kwa urahisi zaidi kuliko inavyovuka barabara kutoka ngomeni hadi Kibokoni.

Maisha ya Kirkman yatufundishe kupima upya. Tumheshimu kwa kulifungua lango, kwa kuviweka vitu vya Pwani Pwani, na kwa kuzipa nyumba za kale majina ambayo mtoto hawezi kuyasahau. Tumkosoe kwa lugha aliyoichagua na kwa picha ya wajenzi aliyoichelewesha kuirekebisha. Kisha tuwaulize watafiti wetu wa leo, wenye vifaa ambavyo yeye hakuviota, na ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani: ni wangapi kati yao wamekwisha kurudi mitaani na kusimulia walichokipata? Watakaoweza kuinua mkono ndio wanaostahili tuzo, na inafaa wapewe wangali hai.